Vidole Vitatu Kutoka Mpinini

Katika mji ule jua halikuwa na desturi ya kushuka. Lilikuwa limesimama utosini mwa watu tangu zamani ambazo hakuna aliyezikumbuka, na watu walikuwa wamezoea kulala mchana, kuamka mchana, kuzaliwa mchana na kuzikwa mchana ule ule. Kivuli kilihitaji kibali. Ngwali mhunzi alikuwa nacho: kivuli chenye ukubwa wa ngozi moja ya ng'ombe, si zaidi, kwa sababu chuma chenye moto kikitazamwa juani hudanganya rangi yake, na fundi akadanganyika pamoja nacho. Ndani ya kivuli hicho Ngwali alikuwa amekaa akitetemeka kama mwenye homa, mbele ya kitambaa kilichofungwa fundo.

Nitasema kwa nini alitetemeka, sina haja ya kuwazungusha. Mpimaji alikuwa ametoka pale muda si mrefu. Alikuwa mtu wa koti refu lililofungwa vifungo mpaka kooni, na ndani ya koti hilo alibeba tupa, chuma chenye meno cha kukwangulia vyuma, iliyovikwa ala ya ngozi. Tupa ile ilimgonga pajani kila alipopiga hatua, na watu waliposikia mlio huo wa taratibu, to, to, to, waliacha walichokuwa wakifanya hata kama hawakuwa wakifanya kosa lolote. Alikiweka kitambaa juu ya fuawe, pale chuma kinapofuliwa, akasema, "Fundi, mji unataka kisu kipya cha kitovu. Cha zamani ni hicho. Kitazame vizuri, usije ukakosea alipokosea Machano."

"Machano alipelekwa wapi?" Ngwali aliuliza, na papo hapo akatamani kuurudisha ulimi wake.

Mpimaji alimkazia macho. "Unaniuliza mimi?" akasema, kisha akaondoka zake, na tupa ikamfuata pajani.

Inafaa mkijue kisu chenyewe. Mwenye Mji, ambaye hakuna aliyewahi kumwona ingawa amri zake zilikuwa kila mahali, aliamuru kwamba watoto wote wakatwe vitovu kwa kisu kimoja, ili mtu asije akasema alitengwa na mama yake kwa makali tofauti na ya mwenziwe. Desturi nayo iliongeza lake. Mkunga kabla ya kukata huinama, akamnong'oneza mtoto sikioni jina la fundi aliyekifua kisu. Mtoto hajalisikia jina la mama yake, hajalisikia lake mwenyewe, ameshalisikia la fundi. Wenye akili zao walisema ni heshima. Ngwali aliona ni kitu kingine: ni kumwambia mtoto mapema nani wa kulaumiwa.

Kisu cha mwisho kilivunjika kazini. Kilivunjika juu ya tumbo la mtoto wa Bi Zuwena, mfinyanzi, na kipande chembamba cha chuma kikaingia pale kitovuni kisionekane tena. Mtoto alinyonya mara saba, akafa. Lini hayo? Huenda ni juzi, huenda ni miaka ishirini iliyopita. Mchana usiokatika hauna pa kuwekea alama. Kinachojulikana ni kwamba tangu hapo hakuna aliyezaa. Wanawake walizizuia mimba zao ndani, wakatembea nazo sokoni na kisimani, wakilala nazo na kuamka nazo, wakingoja kisu. Miongoni mwao alikuwa Mize, binti wa pekee wa Ngwali, na asubuhi ile, kama naruhusiwa kuiita asubuhi, Mize alikuwa amemwambia baba yake, "Baba, huyu wangu amechoka kungoja. Nimemsihi, hanisikii tena."

Basi mhunzi alifungua fundo.

Vipande vilikuwa viwili. Akaanza na lile lililo rahisi kutazamwa, yaani mahali palipovunjika. Hapo ndipo chuma husema ukweli. Chuma kilichotiwa moto wa kupita kiasi huvunjika kwa chembe kubwa zinazong'aa, mfano wa chumvi ya mawe, na ukikiona hivyo unajua fundi alikuwa mzembe au alikuwa anawaza mengine. Ngwali alikisogeza kipande jichoni akiomba aione chumvi ile. Hakuiona. Chembe zilikuwa laini, za kijivu, sawa na unga wa muhogo. Machano alikuwa fundi. Moto wake ulikuwa wa kiasi, mkono wake ulikuwa mtulivu, na bado kisu kilivunjika. Hapo ndipo Ngwali alipoanza kuogopa kwa kweli, maana kosa la mjinga mtu hulikwepa, lakini kosa la anayejua utalikwepa vipi?

Akakigeuza bapa. Juu ya bapa, kutoka nchani, palikuwa na rangi hafifu ya manjano, ile inayobaki baada ya moto wa pili. Rangi ilishuka vizuri hadi karibu na mpini, kisha ikakoma ghafla kwenye mstari ulionyooka. Baada ya mstari huo chuma kilikuwa cheupe, kitupu. Kisu kilivunjika hapo hapo kwenye weupe huo. Ngwali aliweka vidole vyake kupima. Vidole vitatu kutoka mpinini.

Alikijua kipimo kile. Kila mhunzi alikijua. Ndipo Mpimaji alipoweka tupa yake, kwa amri, vidole vitatu kutoka mpinini, hakuna penginepo. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu, kisu kimepita. Tupa ikiuma, chuma ni laini, na fundi huvaa viatu vyake akaondoka na Mpimaji.

Hebu niwaeleze jambo ambalo Mwenye Mji hakulijua, au alilijua na hakujali. Kisu huhitaji moto mara mbili. Moto wa kwanza ni mkali, na baada yake chuma huzamishwa ghafla kwenye maji au mafuta, nacho hukakamaa kwa mshituko. Ukikiacha hivyo ni kigumu kweli, tupa yoyote itateleza juu yake, utakisifu na kukitembeza. Lakini ni ugumu wa kioo. Kikigusa mfupa, kikiangushwa sakafuni, kimekwisha. Ndiyo maana kuna moto wa pili, mdogo, wa pembeni ya makaa, ambao hukirudishia chuma pumzi kidogo. Hupungua ugumu, hupata uvumilivu. Moto wa pili ndio unaokifanya kisu kiwe kisu, na moto huo huo ndio unaoifanya tupa iume. Mji uliamua kupima ugumu peke yake. Sijui kama ulijua unachokipima.

*

Nikikipa moto wa pili, Ngwali aliwaza, tupa itauma. Ikiuma, nitavaa viatu. Nisipokipa, kitapita. Kikipita, kitakwenda kwa Mize. Kitawekwa juu ya tumbo dogo kuliko kiganja changu. Kitavunjika au hakitavunjika. Vingine havikuvunjika. Vingapi havikuvunjika? Mungu wangu, mimi ni mtu mzima, nina mvi, kwa nini naogopa hivi? Machano alitaka yote mawili. Alikipa moto wa pili kila mahali isipokuwa pale pa tupa. Alificha ugumu kidogo, mahali padogo, kwa ajili ya Mpimaji. Vidole vitatu tu. Nani hafichi vidole vitatu? Nani katika mji huu?

*

Chuma alikitoa kwenye lori. Lilikuwa limezama mchangani nje ya mji, pasipo na barabara, likiwa limeelekeza pua mahali ambako hakuna aliyekwenda, na wahunzi walikuwa wakilichuna springi zake moja baada ya nyingine tangu babu zao. Ngwali aliikata springi, akaitia moto, akaifua, akairudisha motoni, akaifua. Hakuipiga ilipopoa, maana chuma kikipigwa kimepoa huweka nyufa moyoni ambazo hutaziona mpaka siku ya aibu. Umbo likapatikana. Sasa alihitaji mafuta ya kukizimia. Maji baridi hukakamaza zaidi, na Machano alitumia maji. Mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto hukipokea chuma kwa upole. Mafuta anayo. Chungu kirefu cha kuyatia, hana.

Mfinyanzi alikuwa mmoja tu mjini.

Alikwenda kwa Bi Zuwena akitembea ukingoni mwa njia. Vyungu vyake vilikuwa vimepangwa juani kuanzia mlangoni hadi mwisho wa uwanja, mamia, na vyote havikuwa na midomo. Tangu mtoto wake afe, alikuwa akifinyanga vyungu vilivyofungwa pande zote, visivyoingiza kitu wala kutoa. Watu walivinunua wakavitia ndani, na hakuna aliyemuuliza ni vya nini.

"Bi Zuwena, shikamoo," alisema Ngwali, ingawa walikuwa rika moja. Ilimtoka yenyewe.

"Marahaba, fundi." Hakuinua macho kutoka kwenye udongo.

"Nahitaji chungu kirefu. Chenye mdomo."

Mikono ya mwanamke ilisimama. "Cha nini?"

Angeweza kusema cha maji, au cha nafaka. "Cha kuzimia kisu cha kitovu," alisema.

Bi Zuwena alinyanyuka polepole, akiufuta udongo kwenye kanga. Akaja akasimama mbele yake, karibu kuliko adabu inavyoruhusu, akamtazama paji la uso, macho, ndevu. Ndevu alizitazama sana. "Kisu cha safari hii," alisema, "mkunga atataja jina la nani?"

"Langu. Ngwali."

"Ngwali," alilirudia jina kama mtu anayeonja mchuzi usio na chumvi. Akaokota chungu kimoja, akachukua uzi wa kukatia udongo, akakipasua juu. Kilikuwa kibichi bado, kikatoa mlio mdogo wa hewa iliyokuwa imefungiwa. "Kikaushe kwa moto wako. Nilijua utakuja siku moja kukiomba. Sikujua utaniamkia."

Alirudi mbio. Mtu mzima na chungu kifuani, mbio, na waliomwona njiani waliangalia pembeni.

*

Aliukausha mji ule mdogo wa udongo, nasema mji kwa kuwa kila chungu chake kilikuwa mji uliofungwa, akautia mafuta. Akakipasha kisu moto ndani ya kivuli chake hadi kikafikia wekundu wa embe lililoiva sana, akakigusisha na sumaku. Sumaku haikushika, na hiyo ndiyo ishara kwamba moto umetosha. Akakizamisha wima, bila kukitikisa. Mafuta yalichemka, yakatulia. Kilipotoka kilikuwa kimenyooka. Akakisugua kwa jiwe hadi bapa likawa jeupe, ili rangi za moto wa pili zionekane. Kazi ya kwanza huhitaji kivuli, ya pili huhitaji mwanga. Kwa hiyo alitoka nayo nje pamoja na makaa machache.

Hapo ndipo likatokea la kutisha kuliko yote.

Alikishika kisu kwa koleo, akakisogeza kwenye makaa, na mkono wake wa kushoto ukaenda peke yake. Hakuutuma. Ulifungua sanduku la vifaa, ukapapasa chini ya nyundo, ukatoka na kipande cha kitambaa kilichoungua ukingoni. Ukakichovya kwenye maji. Ukakizungusha kwenye kisu, mara mbili, ukakaza. Yalikuwa mazoea. Vidole vilifunga bila kubahatisha, na Ngwali alipotazama, kitambaa kibichi kilikuwa kimefunika vidole vitatu kutoka mpinini, tayari kuuzuia moto wa pili usifike pale.

Alipiga kelele. Naona niseme hivyo wazi, alipiga kelele kama mtoto. Kiganjani mwake palikuwa na kovu jembamba la kuungua, alilokuwa amelizoea kiasi cha kutoliona, na alipokigusa kitambaa, ukingo wake ulioungua ulikaa juu ya kovu lile ukatoshana nalo. Alijaribu kukumbuka alikokuwa kabla ya kuwa Ngwali. Alikumbuka lori. Alikumbuka kulala ndani yake, akinyonya umande wa vyuma, akingoja ndevu ziote. Kabla ya hapo alikumbuka mwanamke akilia nyumba ya tatu, na mtu aliyekuwa akikimbia, na mtu huyo alikuwa na miguu yake.

Makaa yalianza kupoa. Nyumbani Mize alianza kulia kwa uchungu, kwanza kwa kujizuia, halafu bila kujizuia. Ngwali alikaa baina ya sauti ile na kitambaa, na woga ulikuwa umemjaa hadi kwenye meno. Hakupata ushujaa wowote, msije mkadhani. Alikifungua kitambaa kile huku akilia na kujikojolea. Akakitupa makaani, akapuliza, akakirudisha kisu.

Rangi zikaja: manjano ya nyasi kavu, kahawia, kisha zambarau ikipanda mgongoni. Makali aliyaacha kwenye manjano. Pale karibu na mpini alipasogeza motoni zaidi ya ilivyohitajika, hadi pakawa buluu kabisa, laini, mahali ambapo hata tupa ya kununua sokoni ingeng'ata na kuacha jeraha. Hakutaka nafsi yake ipate pa kubabaisha.

To, to, to.

*

Mpimaji alimkuta amerudi kivulini na kisu, hakusalimu. Alikichukua kisu, akaweka vidole vyake, kimoja, viwili, vitatu. Akaichomoa tupa kwenye ala. Ngwali alifumba macho akasikiliza. Mlio wa tupa inayouma anaujua kila mhunzi, ni mkwaruzo mfupi wenye mchanga ndani. Alikuwa ameshavaa viatu.

Tupa iliteleza.

"Kigumu," alisema Mpimaji. "Kimepita."

Ngwali alifumbua macho. Pale palikuwa buluu. Alijua alichokifanya, alijua kuliko anavyolijua jina lake, hasa siku hiyo. "Haiwezekani," alisema. "Rudia."

Mpimaji alirudia. Tupa iliteleza tena, kimya.

Basi mhunzi akafanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa tangu jua lisimame: alinyoosha mkono akaishika tupa ya Mpimaji. Akapitisha kidole gumba juu yake, kwenda na kurudi. Haikuwa na jino hata moja. Ilikuwa imelika hadi ikawa nyororo kama jiwe la kusugulia miguu.

Uso wa Mpimaji ulijaa jasho. Kwa karibu alikuwa mtu mdogo sana ndani ya koti lile. "Irudishe," alinong'ona. "Tafadhali, fundi. Watu wanatazama."

"Tangu lini?"

"Nilivyoirithi ndivyo ilivyokuwa. Aliyenipa alinipa ikiwa ndani ya ala, akaniambia mtu asiiguse."

"Kwa nini hukuomba nyingine?"

"Kwa nani?" Mpimaji alikuwa karibu kulia. "Nikaseme nini? Kwamba visu vyote nilivyovipitisha sikuvipima?"

"Na mliowachukua? Machano?"

"Sijawahi kumchukua mtu yeyote. Sina hata pa kumpeleka. Wao huvaa viatu wenyewe. Machano alikimbia kwa miguu yake, akakaa kwenye lori, akarudi na ndevu akasema anaitwa Ngwali. Mji mzima ulimwona akirudi. Kibali chako cha kivuli nilikiandika mimi kwa mkono huu."

Mtu angedhani mhunzi alipumua. Hakupumua. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, kwa sababu woga wake wote wa zamani ulikuwa na pa kukaa, ulikaa kwenye tupa ile, na sasa tupa ilikuwa mkononi mwake, nyororo, haina lolote. Kitambaa kibichi hakikuhitajika. Moto wa pili ungepita pale na hakuna ambaye angejua. Mtoto wa Bi Zuwena alikufa kwa sababu ya tupa iliyokufa zamani. Nani basi alimuua? Mwenye Mji, ambaye labda hayupo? Mpimaji, huyu hapa, anayetetemeka ndani ya koti la mtu mwingine? Mhunzi alitafuta mtu wa tatu, na pale kivulini hapakuwa na mtu wa tatu zaidi yake.

Mkunga alitokea mlangoni mwa nyumba, mikono mitupu, akihema. "Kisu, fundi! Mtoto kashatoka." Akakinyakua. Alikuwa ameshageuka, akasimama, maana desturi ni desturi. "Nimwambie jina gani?"

"Sema Ngwali," alinong'ona Mpimaji. "Ndivyo tulivyozoea. Sema, yaishe."

Nje, juani, Bi Zuwena alikuwa amesimama na udongo mikononi, haijulikani alifika saa ngapi. Nyuma yake walikuwa majirani, wale wale walioangalia pembeni alipopita mbio na chungu. Mhunzi alitoka kivulini. Jua lilimpiga utosini.

"Machano," alisema. Akarudia kwa nguvu. "Mwambie mtoto ni Machano. Mwambie aliyekifua hiki ndiye aliyekifua kile."

Mkunga aliingia ndani. Jina likanong'onezwa. Kisha mtoto akalia, akalia sana, na Mize alisikika akicheka na kulia kwa pamoja. Kisu kilirudi kikiwa kizima, kimelowa. Kabla mhunzi hajakipokea, Bi Zuwena alikuwa amekwisha kukitwaa.

Alikifuta kwa kanga yake. Akapima vidole vitatu kutoka mpinini, akakiweka gotini mahali pale pale, akakikunja kwa nguvu zake zote. Kisu kilipinda, kikarudi. Akakikunja tena, akisaga meno, machozi yakimdondoka juu ya bapa. Kikapinda, kikarudi. Alifanya hivyo mpaka mikono ikamlegea.

"Kumbe ulijua," alisema. "Ulikuwa unajua kukifanya hivi."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Machano alitazama mikono yake mwenyewe.

"Niliogopa," alisema.